Je, Nchi Zilizopata Uhuru Kutoka kwa Wakoloni Zinastahili Kuwa Staarabu Katika Gemu za Mikakati? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila gemu kubwa ya mikakati inapotangazwa, ubishi huanza kabla hata haijatoka. Nani kaingizwa? Nani kaachwa? Brazili, Nigeria au Tanzania zina haki gani ya kukaa meza moja na Roma na Misri? Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayorudi zaidi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kipimo kiwe kimoja kwa wote. Gemu ikishaikubali Marekani, haina sababu ya haki ya kuikataa nchi ya Kiafrika kwa kuwa tu ilizaliwa baada ya ukoloni.

## Misingi

1. Katika gemu hizi, "ustaarabu" ni kitu gani hasa?

Ni upande unaouchagua kuucheza. Katika mfululizo wa Civilization, upande huo huja na jina, kiongozi, uwezo wake maalumu, kikosi au meli ambayo wengine hawana, na aina ya ujenzi ya pekee. Chukua Ethiopia ya Civilization VI: kiongozi ni Menelik II, mshindi wa vita vya Adwa dhidi ya Italia mwaka 1896, na mchezaji hujenga makanisa yaliyochongwa mwambani. Mali ya Mansa Musa hunufaika na jangwa ambalo wengine hulikimbia.

Kwa hiyo mtengenezaji wa gemu hapimi utu wa watu. Anajaza nafasi. Lakini nafasi hiyo ina uzito wake, kwa sababu anayeipata anakuwa mtendaji wa historia, anajenga miji na kuvumbua maandishi. Asiyeipata anabaki kuwa ardhi ya kugombaniwa na wengine. Ndiyo maana watu hukasirika, na wana haki ya kukasirika.

2. Kuna nchi zilizotokana na makoloni ambazo tayari zimo?

Zimo tangu siku ya kwanza. Civilization ya kwanza ilitoka mwaka 1991 ikiwa na staarabu 14, na Marekani ya Abraham Lincoln ilikuwa mojawapo. Ukiichagua, unaanza mwaka 4000 KK. Walowezi wako wanasimamisha Washington kwenye pori tupu, huku Wamisri na Wababeli wakifanya vivyo hivyo upande wa pili wa ramani. Lincoln anagundua ufinyanzi. Hakuna mchezaji aliyeona ajabu ya kutosha kuacha kucheza.

Baadaye wakaingia wengine: Brazili mwaka 2013 katika Civilization V (kwa kifupi Civ V), kisha katika Civ VI Australia ya John Curtin (2017), Kanada ya Wilfrid Laurier (2019) na Kolombia Kuu ya Simón Bolívar (2020). Civ VII ilipotoka Februari 2025, Meksiko ilikuwa miongoni mwa staarabu za enzi ya tatu.

3. Kama zimo, ubishi unatoka wapi?

Angalia zilizoingia kwa jina la dola ya kisasa: Marekani, Brazili, Australia, Kanada, Kolombia Kuu, Meksiko. Zote ni za Amerika na Australia, na zote zilianzishwa na walowezi au wazao wao. India ya Gandhi ndiyo inayokaribia zaidi kuvunja mtindo huo, na hata yeye katika gemu hupewa miaka 6,000 ya historia ya Wahindi. Bara la Afrika huingia kwa falme za kabla ya ukoloni tu (tazama swali la 9). Mlowezi aliyejitenga na mama yake Ulaya anahesabiwa kuwa ameanzisha ustaarabu mpya. Mwenyeji aliyemng'oa mtawala huyohuyo anahesabiwa kuwa amerithi koloni. Hapo ndipo penye kasoro.

## Hoja za kukataa, na majibu yake

4. Lakini nchi hizi ni changa mno. Miaka 60 inatosha?

Kolombia Kuu iliishi kuanzia 1819 hadi 1831, miaka 12 tu. Ikapewa nafasi kamili katika Civ VI, pamoja na wapandafarasi wake wa Llanos na majenerali wake wa pekee. Tanzania imeishi mara tano ya muda huo. Umoja wa Kisovieti, uliodumu kuanzia 1922 hadi 1991, ni utamaduni kamili katika gemu ya Humankind. Dola ya Alexander ilianza kugawanywa na majenerali wake mara tu alipofariki mwaka 323 KK, na Makedonia imo ndani ya Civ VI bila mtu kuhoji.

Hoja ya umri ilishakufa. Wanaoitumia huikumbuka Afrika inapotajwa.

5. Mipaka yake ilichorwa na Wazungu Berlin. Taifa la namna hiyo ni la kubuni, sivyo?

Kwanza tuiweke historia sawa. Mkutano wa Berlin wa 1884–85 uliweka kanuni za kugawana, lakini mistari mingi ilichorwa baadaye kwa mikataba ya nchi mbili mbili. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulitokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886: mstari kutoka pwani hadi Ziwa Victoria, ukipinda kuuzunguka Kilimanjaro.

Sasa tazama ramani ya Amerika Kaskazini. Sehemu ndefu ya mpaka wa Marekani na Kanada hufuata latitudo ya 49, mstari wa rula uliokubaliwa na London na Washington bila kuwauliza wenyeji wa pande zote mbili. Hakuna anayesema Kanada ni ya kubuni. Na Waafrika wenyewe walilitazama jambo hili usoni: mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Kairo Julai 1964 uliamua kuheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru. Mtu anaweza kuulaumu uamuzi ule, lakini ulikuwa uamuzi wao.

Halafu kuna jambo ambalo mchezaji yeyote analijua. Katika gemu hizi mipaka unaichora mwenyewe, zamu kwa zamu, kwa miji unayojenga. Hakuna anayeanza na ramani ya Berlin mkononi.

6. Zitapewa kitu gani cha pekee? Hazina kikosi wala jengo lao wenyewe.

Kanada ilipewa uwanja wa hoki ya barafuni. Brazili ya Civ VI ilipewa mtaa wa kanivali na manowari ya Minas Geraes, meli ya kweli iliyojengwa Uingereza kwa oda ya serikali ya Brazili. Ikiwa meli iliyoundwa katika karakana ya nchi nyingine inatosha kuwa alama ya ustaarabu, basi hoja ya "hawakutengeneza wenyewe" haina miguu.

Nigeria ina tasnia ya filamu inayotazamwa bara zima. Kongo, zote mbili, zina rumba, iliyoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia usioshikika mwaka 2021. Kenya ilianza kutuma pesa kwa simu mwaka 2007 kupitia M-Pesa, na mama wa sokoni asiye na akaunti ya benki akaanza kupokea malipo akiwa kwenye meza yake ya nyanya. Mpe mtengenezaji hodari wa gemu jambo hilo moja, atakutolea uwezo wa kibiashara ambao hakuna ustaarabu mwingine ulio nao.

7. Gemu huishia kabla ya enzi ya uhuru. Zitaingia vipi?

Civ V na Civ VI zinafika mwaka 2050, kwa hiyo huko hoja haipo. Civ VII ndiyo inayotajwa zaidi, kwa kuwa enzi yake ya tatu huishia karibu na katikati ya karne ya 20. Lakini tazama namna ushindi unavyopatikana katika enzi hiyo. Ushindi wa kijeshi hufikia mradi unaoitwa Operation Ivy, jina la majaribio ya bomu la haidrojeni ya mwaka 1952. Ushindi wa sayansi ni kumrusha binadamu angani kwa mara ya kwanza, jambo ambalo Yuri Gagarin alilifanya Aprili 1961. Kufikia mwezi huo Ghana ilikuwa na miaka minne ya uhuru, na nchi 17 za Afrika zilikuwa zimejitawala mwaka 1960 pekee. Tanganyika ikafuata Desemba 1961. Gemu inayomruhusu mchezaji kufika angani haiwezi kusema uhuru wa Afrika bado haujatokea.

8. Viongozi wake wana watoto na wajukuu walio hai. Siasa yake si bado mbichi?

Hii ndiyo hoja ninayoiheshimu kuliko zote. Kumweka Nyerere, Kenyatta au Lumumba akitangaza vita na kuteka miji si jambo jepesi. Kuna watu walioumia chini ya baadhi ya viongozi hawa, na kuna waliowapenda kama baba.

Ila mfululizo wa Civilization haukuwahi kuogopa kitu hicho kwa wengine. Mao alikuwa kiongozi wa China tangu gemu ya kwanza. Haile Selassie, aliyefariki mwaka 1975, aliiongoza Ethiopia ya Civ V mwaka 2012. Gandhi amekuwa sura ya India kwa miongo, ingawa hakuwahi kushika urais wala uwaziri mkuu.

Civ VII yenyewe imeleta njia ya kutokea. Humo kiongozi ametenganishwa na ustaarabu, na wanaruhusiwa watu ambao hawakutawala kabisa: Harriet Tubman, Ibn Battuta, José Rizal wa Ufilipino. Basi si lazima kiongozi wa Afrika Mashariki awe rais. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Wangari Maathai alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Yeyote kati yao angekaa vizuri mbele ya Rizal.

## Afrika ndani ya gemu

9. Kwa nini Afrika huingia kwa falme za kale tu?

Orodha ya Civilization upande wa Afrika nje ya Misri na pwani ya kaskazini ni hii: Wazulu tangu 1991, Mali 2005, Ethiopia 2007, Songhai 2010, Kongo 2016, Nubia 2017, kisha Aksum na Buganda katika Civ VII. Ni orodha nzuri. Nimefurahia kila jina lililoongezwa.

Nia iliyo nyuma yake ni njema: kuuonyesha ulimwengu kwamba Afrika ilikuwa na dola, biashara na elimu kabla Mzungu hajatia nanga. Mansa Musa amekuwa maarufu duniani kwa sehemu kubwa kutokana na juhudi za namna hiyo. Tatizo ni kwamba ukisimulia hadi hapo tu, mchezaji wa Tokyo au Chicago anapata picha ya bara ambalo historia yake ilikatika mwaka 1885. Katika enzi ya tatu ya Civ VII, Meksiko iko kama jamhuri, Japani iko kama dola ya Meiji, na Afrika kusini mwa Sahara iko kama Buganda, ufalme uliochipuka karne nyingi kabla ya Waingereza kufika. Buganda inastahili kila heshima iliyopewa, hata ile ya Muzibu Azaala Mpanga, nyumba ya makaburi ya makabaka huko Kasubi iliyoungua mwaka 2010, kuwa mojawapo ya maajabu ya kujengwa. Kilichokosekana ni mwenzake: Mwafrika wa karne ya 20 aliyeunda dola mpya.

10. Mali na Ghana si zimo? Majina ni yaleyale.

Majina tu. Ghana ya kale ilikuwa kusini-mashariki mwa Mauritania ya leo na magharibi mwa Mali, mbali sana na Accra. Koloni la Gold Coast lilichukua jina hilo lilipopata uhuru tarehe 6 Machi 1957, kwa makusudi, kama tamko. "Waghana" wa enzi ya kati walio katika Humankind ni wale wa kale. Dahomey ilijiita Benin mwaka 1975, ilhali Ufalme wa Benin wa sanamu za shaba uko Nigeria.

Indonesia ni kisa cha kinyume. Katika Civ V na Civ VI kulikuwa na ustaarabu ulioitwa Indonesia, jina la dola iliyotangaza uhuru mwaka 1945, lakini viongozi wake, Gajah Mada na Gitarja, walikuwa wa Majapahit ya karne ya 14. Civ VII ikarekebisha: sasa inaitwa Majapahit. Usahihi umepatikana, na Indonesia ya Sukarno imetoweka njiani.

11. Waswahili wako wapi?

Wametawanywa vipande vipande. Wimbo mkuu wa Civilization IV (2005) ni "Baba Yetu" wa Christopher Tin, sala ya Baba Yetu kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa gemu kushinda Tuzo ya Grammy. Mamilioni ya watu wameusikia ukiimbwa juu ya picha ya dunia inayozunguka. Lakini ndani ya gemu hiyo huwezi kucheza kama Waswahili.

Katika Civ VI hali ilisogea kidogo. Kilwa Kisiwani ni mojawapo ya maajabu, na lazima ijengwe ardhi tambarare inayopakana na bahari. Ukiimaliza unapata wajumbe watatu wa kupeleka kwenye miji-dola (miji midogo huru isiyoshikwa na mchezaji yeyote), na anayelea miji-dola huvuna zaidi kutokana na kujengwa kwake. Hilo limefikiriwa vizuri, kwa kuwa utajiri wa Kilwa ya kweli, iliyotembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331, ulitokana na mahusiano: dhahabu ya Sofala ikipita mikononi mwake kwenda Uarabuni na India. Zanzibar nayo ni mji-dola wa biashara. Ukipeleka wajumbe wengi kuliko washindani wako, unapokea karafuu na mdalasini, bidhaa zisizopatikana popote pengine kwenye ramani. Nakumbuka ninavyowaminya washindani kwa ajili ya Zanzibar tu, maana miji mikubwa hununa haraka na karafuu huituliza.

Ila mji-dola hauwezi kushinda. Hauwezi hata kujenga mji wa pili. Na Kilwa inaweza kujengwa na Norwei. Humankind ndiyo iliyowapa Waswahili nafasi kamili, katika kifurushi cha tamaduni za Afrika cha mwaka 2022, wakiwa na mtepe wao, chombo kilichoshonwa kwa kamba za mnazi bila msumari hata mmoja. Katika Europa Universalis IV, gemu ya kampuni ya Paradox inayoanza Novemba 1444, unaweza kuichukua Kilwa na kuwa na miaka 61 ya kujiandaa kabla ya 1505, mwaka ambao historia halisi iliwaleta Wareno wa Francisco de Almeida.

12. Kuna gemu iliyowahi kuingiza nchi huru ya Kiafrika kama ilivyo?

Humankind. Kifurushi kilekile kilichotajwa hapo juu kina Wabantu, Wagaramante, Waswahili, Wamasai, Waethiopia, na kwa enzi ya mwisho, Wanigeria. Gemu hiyo humruhusu mchezaji abadilishe utamaduni kila enzi, kwa hiyo unaweza kuanza na Wabantu na ukamaliza na Nigeria huku miji yako ikiwa ileile. Toleo lake la kwanza la mwaka 2021 lilikuwa tayari na Wamisri mara mbili, wa kale na wa kisasa, na pia Wahindi na Wabrazili wa enzi ya mwisho. Baadaye wakaja Wakuba na Waajentina. Kama mtu anasema haiwezekani, imeshafanyika.

## Gemu zenye mfumo mwingine

13. Gemu za Paradox zinalichukuliaje jambo hili?

Humo neno la kuanzia ni nchi, hakuna anayepimwa ustaarabu. Lakini upendeleo umejificha kwenye mitambo. Katika Europa Universalis IV, ukiwa Ureno ukamiliki majimbo matano ya Brazili, taifa la kikoloni linazaliwa lenyewe, lina serikali yake, hamu yake ya uhuru inapanda, na siku moja linaweza kukuasi na kuwa dola kamili. Teka pwani ya Afrika Mashariki, na ardhi ile inaweza kuingizwa kwenye kampuni ya biashara. Hapo hakuzaliwi taifa la kukudai uhuru. Kwa gemu inayoishia 1821 kuna mantiki ya kihistoria ndani yake, ila matokeo ni yaleyale ya swali la 3: walowezi huzaa mataifa, wenyeji huzaa mapato.

Victoria 3, ya 1836 hadi 1936, ina jamii nyingi za bara la Afrika ambazo haziwezi kuchezwa kabisa kwa kuwa zimewekwa katika kundi la mataifa yasiyo na serikali kuu.

14. Na Age of Empires III?

Hii ina mfumo ninaoupenda kuliko yote. Kuanzia kifurushi cha nyongeza cha 2006, mchezaji wa dola ya Ulaya akifika mlango wa enzi ya mwisho anaweza kukataa kupanda na badala yake akatangaza mapinduzi. Unabonyeza, bendera inabadilika, na walowezi wako wote, waliokuwa wakikata miti na kuchimba dhahabu, papo hapo wanageuka kuwa askari. Uchumi umeuacha nyuma yako. Ama unashinda sasa, ama unakwisha. Miongoni mwa viongozi wa kwanza waliowekwa ni Bolívar, San Martín na Toussaint Louverture wa Haiti.

Mwaka 2021 toleo lililoboreshwa likaongeza Marekani na Meksiko kama staarabu kamili, pamoja na Wahausa na Waethiopia. Tofauti ileile ikajirudia: jamhuri kwa Amerika, falme kwa Afrika.

## Visa vigumu

15. Haiti je?

Haiti ndiyo kipimo cha unyofu wa mjadala wote. Watumwa waliowashinda Wafaransa vitani na kutangaza dola yao tarehe 1 Januari 1804, ya pili kwa uhuru katika Amerika baada ya Marekani. Waanzilishi wake hawakuwa walowezi wala hawakuwa na ufalme wa kale hapohapo wa kurejelea. Haijapata nafasi kamili katika Civilization.

16. Ethiopia na Liberia ni za baada ya ukoloni?

Ethiopia hapana. Italia iliikalia kuanzia 1936 hadi 1941, lakini dola ilikuwapo kabla na ikarejea. Liberia, iliyojitangaza mwaka 1847, ni ya aina ya Marekani: walowezi Weusi waliotoka ng'ambo na kuwatawala wenyeji. Anayeikubali Australia hana njia ya kuikataa Liberia.

17. Dola ya walowezi na wenyeji iliowanyang'anya ardhi waingie pamoja?

Civ VI ilifanya hivyo. Wacree, wenyeji wa Kanada, wakiongozwa na Poundmaker, waliingia mwaka 2018, Kanada mwaka uliofuata. Kwenye ramani moja wanaanza sawa, majirani wawili. Katika historia, Poundmaker alihukumiwa na Kanada mwaka 1885 na kufungwa, na serikali ya Kanada ikamsafisha jina mwaka 2019. Mmoja wa viongozi wa jamii ya Wacree inayobeba jina la Poundmaker alilalamika hadharani gemu ilipotangazwa, kwamba inawaonyesha watu wake kama wenye tamaa ya kuteka wengine, tamaa ambayo ilikuwa ya wakoloni. Nakubaliana naye kwamba mfumo wa gemu wenyewe una itikadi.

Kabla yake, wakati wa Civ V, viongozi wa Wapueblo, wenyeji wa Marekani, walikataa kiongozi wao wa kale Popé aonyeshwe, na watengenezaji wakaheshimu kauli hiyo na kuwachagua Washoshone, wenyeji wengine wa huko. Kuombwa ruhusa, na kukubali kukataliwa, kunapaswa kuwa desturi.

18. Nzinga anaiongoza Kongo katika Civ VI. Ni sahihi?

Si sahihi. Nzinga Mbande alitawala Ndongo na Matamba, katika Angola ya leo. Alipachikwa Kongo kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Angola ingekuwapo kama ustaarabu, angepata kwake.

19. Tanzania ingeonekanaje ikiingizwa?

Isipewe bonasi ya wanyama wa Serengeti. Hiyo ni ya ardhi, na ardhi haifanyi maamuzi. Kilichoitofautisha Tanzania ni ukombozi wa majirani. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikaa Dar es Salaam tangu 1963, Frelimo, chama cha ukombozi cha Msumbiji, ilianzishwa hapohapo mwaka 1962, na wapigania uhuru wa Afrika Kusini walipiga kambi Kongwa. Kwa hiyo uwezo wake mkuu uwe wa kidiplomasia: kila mji unaokombolewa na kurudishiwa wenyewe, popote kwenye ramani, uipe Tanzania ushawishi, huku ukiigharimu dhahabu.

Ujenzi wa pekee uwe TAZARA, reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975 ili shaba ya Zambia isipite kwa Wazungu wa Rhodesia na Afrika Kusini. Ndani ya gemu, reli hiyo iunganishe mji wako na wa jirani asiye na bahari, na nyote wawili mnufaike.

Kijiji cha ujamaa nacho kiwepo, kwa ukweli wake wote. Kiongeze elimu na lugha moja, kwa sababu shule na Kiswahili vilifika. Lakini mchezaji akiharakisha kwa nguvu, kama serikali ilivyofanya katika Operesheni Vijiji miaka ya 1970, watu wahame kwa hasira na chakula kipungue kwa zamu kadhaa. Ustaarabu usio na gharama hauna mafunzo kwa anayeucheza, na Watanzania waliobebwa kwenye malori na kushushwa porini wana haki ya kuonekana.

20. Zanzibar ihesabiwe peke yake au ndani ya Tanzania?

Vyote viwili vinawezekana, na mfano upo. Civ VI ina Uingereza na ina Uskoti ya Robert the Bruce, ingawa nchi hizo ziliungana mwaka 1707. Zanzibar ilipata uhuru Desemba 1963, ikafanya mapinduzi tarehe 12 Januari 1964, na ikaungana na Tanganyika tarehe 26 Aprili mwaka huohuo. Kabla ya hapo ilikuwa makao ya Seyyid Said, kitovu cha karafuu na, tusifiche, soko kubwa la watumwa. Katika mfumo wa Civ VII, ambapo ustaarabu unaweza kubadilika enzi hadi enzi, mchezaji angeianza enzi ya pili na Kilwa na kuingia ya tatu akiwa na chaguo: Zanzibar ya masultani, yenye meli na fedha, au Tanzania, yenye marafiki wengi na hazina ndogo.